Moyo Uliolazwa

Leo nina habari ya mbwa, na nakuomba usicheke mapema.

Kwenye ploti yetu hapa Dandora, Phase 3, kuna mama anayefanya kazi ya nyumba kule Kileleshwa. Mwajiri wake alipohama nchi alimwachia kochi moja, sufuria nzito za chuma na mbwa mmoja mdogo mweupe, mwenye umri wa miaka 11 na uzito wa kilo 5 hivi. Mbwa tuliowazoea mtaa huu ni wale wa rangi ya udongo, wanaoshinda jaani wakigombea mifupa na korongo wenye vipara. Huyu aliletwa ndani ya kikapu, juu ya matatu, amefunikwa kwa leso. Watoto wakamwita Pamba.

Pamba anakohoa. Hakohoi mchana. Hungoja watu walale. Ukuta unaonitenganisha na jirani ni wa tofali moja, kwa hiyo kikohozi chake ni kikohozi changu pia. Mama wa watu akajinyima, akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akaweka chombo chake ubavuni, akasikiliza, akasema vali ya upande wa kushoto wa moyo imechakaa, haifungi vizuri, damu inarudi ilikotoka. Moyo umetanuka mpaka unakandamiza njia ya hewa. Akampa vidonge, vingine vya kupunguza maji mwilini, vingine vya kuupa moyo nguvu. Akamfundisha na kazi moja ya usiku: mbwa akisinzia, mhesabie pumzi kwa dakika moja nzima. Zikivuka 30, mlete.

Mama akauliza swali ambalo wewe pia ungeuliza. Kama vali inavuja, si ishonwe? Daktari akamjibu kwamba inashonwa, kuna watu wanaishona Japani na Uingereza, ila yeye hajawahi kuona kazi hiyo ikifanywa Nairobi. Tena si kazi ya sindano na uzi tu. Lazima kwanza wausimamishe moyo.

Jioni hiyo jirani akanijia mlangoni. Kwa kuwa nasema redioni, anadhani najua kila kitu. Akaniuliza, "Wausimamishe moyo, halafu Pamba awe wapi wakati huo?"

Nimelibeba swali hilo wiki tatu sasa, na jioni ya leo nataka tulijibu pamoja.

Tuanzie gereji. Hakuna fundi anayeweza kubadilisha vali za injini inayonguruma. Atazima kwanza. Lakini injini ya matatu ukiizima saa sita mchana ukaiwasha kesho yake, haijadhurika. Chuma hakili. Moyo ni nyama, na ni nyama yenye njaa kuliko zote mwilini. Unasukuma damu kwa kila kiungo, na wenyewe unajilisha kwa mishipa miwili midogo inayochipuka mwanzoni kabisa mwa ule mshipa mkuu, aota. Daktari anayetaka kufungua moyo ukiwa mtulivu na mkavu hubana aota kwa kibano. Akishaibana, mishipa ile miwili imekatiwa chakula.

Mwili mwingine una wa kuulisha. Kuna mashine ya moyo na mapafu, inayochota damu chafu, kuitia oksijeni na kuirudisha. Daktari John Gibbon aliifanyia kazi kwa takriban miaka 20, akianzia na paka, na tarehe 6 Mei 1953 huko Philadelphia ikambeba msichana wa miaka 18 kwa dakika 26 huku tundu la moyo wake likizibwa. Kwa hiyo ubongo wa Pamba, figo zake na maini yake, vyote vingekuwa kwenye mashine. Anayebaki na njaa ni moyo wenyewe.

Na njaa yake haina subira. Robert Jennings na Keith Reimer, watafiti wa Marekani, waliwafungia mbwa mshipa mmoja wa moyo na kupima muda. Baada ya takriban dakika 20 katika joto la kawaida la mwili, seli za msuli zinaanza kufa. Kifo chenyewe huanzia tabaka la ndani kabisa la ukuta wa moyo, kisha kinatambaa kwenda nje saa baada ya saa, mfano wa unyevu unaopanda ukutani wakati wa masika. Vali ya mbwa haishonwi kwa dakika 20.

Ukichelewa sana hutokea jambo ambalo madaktari wa upasuaji walilipa jina la kutisha. Msuli unaishiwa nguvu ya kulegea. Maana kulegea nako kunahitaji nguvu, msikilizaji, si kukaza peke yake. Moyo unajikunja, unakakamaa, na hata ukirudishiwa damu haufunguki tena. Mwaka 1972 Denton Cooley na wenzake huko Houston walieleza hali hiyo na kuiita moyo wa jiwe. Sisi tukisema fulani ana moyo wa jiwe tunamlaumu kwa ukatili. Wao walikuwa wameushika mkononi.

Basi kazi yote ya kuulinda msuli wa moyo ni hii: kuupunguzia njaa kabla hujaunyima chakula. Njia zilizopatikana ni mbili, na zote mbili zilipitia kwa mbwa.

Ya kwanza ni baridi. Wilfred Bigelow, daktari wa Toronto, Kanada, aliwahi kukata vidole vya watu vilivyoganda kwa barafu, na akajiuliza kuhusu nyama ile baridi: je, bado inahitaji damu? Akawachukua mbwa, akawalaza kwa dawa ya usingizi, akawapoza. Mwanzoni alishangaa kuona mwili uliopozwa unakula oksijeni nyingi zaidi. Sababu yake ni kutetemeka. Misuli ilikuwa inapigana na baridi. Alipowapa dawa ya usingizi ya kutosha na mtetemo ukakoma, mahitaji yakashuka pamoja na joto, hatua kwa hatua. Mwaka 1950 akaandika kwamba mbwa aliyepozwa hadi nyuzi 20 anaweza kusimamishiwa mzunguko wa damu kwa dakika 15, akafunguliwa moyo, akafungwa, akapashwa joto, akaamka. Baadhi waliamka. Wengi hawakuamka.

Moyo wa mmoja wao uliwahi kusimama wenyewe katikati ya kazi. Bigelow akaugusa kwa ncha ya chombo, ukapiga. Akaugusa tena, ukapiga. Ndipo wazo la kile kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo likaanza kuchukua umbo mikononi mwake yeye na mhandisi John Hopps. Hayo yana kipindi chake, tusipotee.

Tarehe 2 Septemba 1952, huko Minnesota, Marekani, daktari John Lewis alimpoza mtoto wa kike wa miaka 5 hadi nyuzi 28, akazuia damu kuingia moyoni kwa dakika tano na nusu, akaziba tundu, akamwamsha. Yeye na wenzake walikuwa wameshayajaribu hayo kwa mbwa mara nyingi. Na hapa nataka usogeze kiti. Mbwa hao walikuwa nani? Hawakuwa wa kufugwa na matajiri. Minnesota ilipitisha sheria mwishoni mwa miaka ya 1940 iliyowalazimu wenye mabanda ya mbwa wasio na mwenyewe kuwatoa kwa watafiti. Mbwa koko, msikilizaji. Ndugu zao hawa tunaowafukuza kwa mawe pale jaani.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuo. Hawa walikufa, na waliouona ufuo ni sisi.

Njia ya pili ni chumvi. Si ile ya mezani. Ni potasiamu, ile iliyomo kwenye ndizi na viazi na maharagwe ya jana. Nielezee kwa tangi la maji, kwa sababu Dandora hatujui kitu kingine vizuri kama tangi. Maji yanashuka kutoka tangini hadi kwenye mfereji kwa sababu tangi liko juu na mfereji uko chini. Ukiliteremsha tangi likawa usawa mmoja na mfereji, fungua uwezavyo, hutapata tone. Seli ya moyo nayo ina tangi lake. Ndani yake potasiamu ni nyingi sana, nje ni kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayoweka umeme tayari kwa pigo linalofuata. Sasa mimina nje ya seli maji yenye potasiamu mara nne au tano ya kawaida. Tofauti inapungua. Umeme unakosa mteremko. Pigo linalofuata haliji. Moyo hausimami kwa kukaza. Unasimama ukiwa umelegea, laini, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi begani kwa mamaye.

Na ukisimama hivyo, hata bila baridi, mahitaji yake ya oksijeni yanashuka kwa takriban asilimia 90. Ongeza baridi ya nyuzi 4, na zile dakika 20 zinakuwa saa nzima na zaidi. Madaktari wanaiita dawa hiyo kadioplejia. Mimi nikimweleza jirani nilisema ni dawa ya kuulaza moyo, akanielewa mara moja.

Lakini usidhani ilikuja ikiwa imeiva. Denis Melrose na wenzake wa hospitali ya Hammersmith, London, ndio walioitangaza mwaka 1955 baada ya kuijaribu kwa mbwa. Walitumia sitrati ya potasiamu. Moyo wa mbwa ulisimama mara moja, wakauosha kwa damu, ukaamka. Ilionekana kama kiini macho, na ikaharakishwa kupelekwa kwa wagonjwa. Ila kipimo kilikuwa kikali mno, mara nyingi zaidi ya kile kinachotumika leo. Watafiti waliochunguza mioyo ile wakaona mabaka ya msuli uliokufa. Kufikia 1960 madaktari wengi walikuwa wameiacha njia hiyo, wakarudi kwenye barafu. Norman Shumway wa Stanford alikuwa akiuogesha moyo kwa maji baridi ya chumvi, na matokeo yake yalikuwa mazuri.

Mimi nadhani hapo pana kosa la watu wote, si la maabara tu. Wazo lilikuwa sahihi, kipimo ndicho kilichokosewa, na wazo likatupwa pamoja na kipimo. Ilibidi Mjerumani mmoja, Hans Jürgen Bretschneider, aendelee kulichezea karibu peke yake, akitafuta mchanganyiko mpole. Katika miaka ya 1970 David Hearse na Mark Braimbridge wa hospitali ya St Thomas, London, wakapima chumvi moja moja kwa mioyo ya panya: potasiamu kiasi gani, magnesiamu kiasi gani, kalsiamu isizidi wapi. Dawa waliyoipata ina jina la hospitali hiyo mpaka leo. Na huko Los Angeles, Gerald Buckberg akasema, kwa nini maji matupu? Akaichanganya potasiamu na damu yenyewe, akaijaribu kwa mbwa, na moyo ukawa unalala huku ukilambishwa chakula kidogo.

Jambo moja nisilifiche. Mbwa ana mishipa mingi ya pembeni moyoni, kama mtaa wenye vichochoro. Barabara kuu ikifungwa, damu hupata kwa kupenya. Binadamu mwenye moyo mzima hana vichochoro vingi hivyo. Kwa hiyo si kila kilichomwokoa mbwa kilituokoa sisi, na mtafiti aliyesahau hilo alijidanganya.

Sasa turudi kwa Pamba. Daktari wa Kijapani Masami Uechi, mwenye kituo Yokohama, ndiye aliyefanya upasuaji wa vali kwa mbwa wadogo uwe kazi ya kila wiki badala ya ajabu la mwaka. Fikiria ugumu wake. Mbwa wa kilo 5 ana damu isiyofika nusu lita mwilini mwake, haijazi chupa ya soda ya nusu lita. Mirija ya mashine peke yake inaweza kuimeza. Ndiyo maana hutengenezewa mirija mifupi na myembamba, na damu ya mbwa mwingine huwekwa tayari. Mashine huunganishwa shingoni, kwenye mishipa miwili mikubwa. Mwili unapozwa. Kifua kinafunguliwa upande wa kushoto, kati ya mbavu. Aota inabanwa, dawa baridi inasukumwa kuelekea kwenye mishipa ile miwili midogo, na kwenye skrini mstari wa mapigo unanyooka.

Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Nyuzi zinazoshikilia vali, nyembamba kama zile za mwavuli, hubadilishwa kwa uzi maalumu wa plastiki laini. Mdomo wa vali uliotanuka nao hukazwa. Kila baada ya dakika 20 au 30 hivi, kulingana na aina ya dawa, moyo unaongezewa dozi, maana joto la mwili hunyemelea na potasiamu huoshwa. Anayesahau dozi anarudi kwenye jiwe.

Na hatari haiishi kibano kikiachiliwa. Huenda ndipo inapozidi. Aliyefunga kutwa hafuturu kwa pilau la sahani nzima. Huanza kwa tende na uji. Msuli ulioshinda bila oksijeni ukipewa damu ghafla, kwa nguvu, kalsiamu hufurika ndani ya seli na kuziumiza upya. Kwa hiyo hewa hutolewa moyoni kwa uangalifu, joto hupandishwa taratibu, damu hurudishwa kwa shinikizo dogo. Moyo huanza kwa kutetemeka, kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Ukikataa kushika mdundo, unapigwa shoti ndogo ya umeme. Kisha pigo moja. Kimya. La pili. Katika kundi la mbwa 48 ambalo Uechi na wenzake waliliripoti, zaidi ya 9 kati ya kila 10 walirudi nyumbani.

Hayo ndiyo majibu niliyompa jirani. Pamba angekuwa kwenye mashine, na moyo wake ungekuwa umelala, baridi, umeshiba potasiamu.

Ziko sauti zitakazosema, wewe mtangazaji, huna haya, unaongelea moyo wa mbwa Dandora, mahali ambapo jaa lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na malori bado yanapanga foleni? Sauti hizo nazisikia, na ninazijibu. Kwanza, wanaoendesha mashine ile katika hospitali za Kenyatta na Mater wanapombana aota mtoto wa Eastlands, dawa wanayosukuma ni mzao wa kazi ileile. Watu wa Nairobi wamekimbia kwa fulana miaka na miaka, kwenye mbio za moyo za Mater, kuchangia watoto hao. Waliokimbia kabla yao walikuwa na miguu minne.

Pili, Afrika haikukaa pembeni. Daktari Christiaan Barnard alisomea Minnesota, kisha akarudi Cape Town, na tarehe 3 Desemba 1967 akapandikiza moyo wa binadamu. Katika maabara ya wanyama ya chuo kikuu huko alikuwapo Hamilton Naki, mtunza bustani aliyeitwa siku moja kumshikilia twiga wa majaribio, akabaki kuwa fundi wa kulaza, kupasua na kushona wanyama, mpaka madaktari wenye shahada wakawa wanafunzi wake. Ilienezwa hadithi kwamba usiku ule wa 1967 alikuwamo chumbani. Hakuwamo, na magazeti yaliyoichapa yalisahihisha. Kweli yenyewe inatosha: alistaafu kwa pensheni ya mtunza bustani.

Tatu, vali za watoto wetu haziharibiki kwa uzee kama ya Pamba. Zinaharibiwa na koo. Chumba cha futi 10 kwa 10, watu sita, mmoja ana maumivu ya koo ya bakteria, wiki mbili tatu baadaye maungo ya mtoto yanavimba kwa zamu, leo goti, kesho kifundo. Hiyo ni homa ya rumatiki, na ikirudiarudia inaikunja vali mpaka mtoto aitwe kwenye kibano na barafu. Penisilini inayotolewa mapema inaizuia. Mtoto ambaye tayari imemgusa huchomwa sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na anayekosa sindano anacheza na moyo. Mpeleke mtoto zahanati koo likiuma na homa ikipanda. Usingoje magoti.

Pamba haendi Yokohama. Anakula vidonge vyake ndani ya kipande cha chapati, na kila usiku upande wa pili wa ukuta namsikia jirani akihesabu kwa sauti ya chini. Usiku wa kuamkia leo aliishia 27.

Nawe, msikilizaji, kama una mbwa, hata awe koko aliyejichagulia geti lako, mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa, mara moja kila mwaka, na umwekee maji kwenye kopo. Na kesho asubuhi ukipita pale jaani wakakutokea wale wa rangi ya udongo, pita zako. Jiwe liache chini.